Mama wa Kwenye Picha

Mimi ni msusi, na msusi asiye na mdomo hana wateja. Kichwa cha mtu unakishika kwa saa nne, hata tano. Usipomsimulia kitu atasinzia, akisinzia kichwa kinalala upande, na mistari nayo inakwenda upande. Kwa hiyo nasimulia. Na kwa miaka yote niliyoshika kitana, hadithi yangu kubwa, ile niliyowawekea wateja wa heshima, ilikuwa ya marehemu mama yangu.

Mama alifariki nikiwa na miaka mitano. Aligongwa na lori. Tena si kugongwa hivi hivi. Mtoto wa watu alikuwa katikati ya barabara, lori limekatika breki, watu wote wameganda. Mama akatupa kapu lake, akakimbia, akamsukuma mtoto kando, lori likamkuta yeye. Nilikuwepo. Niliona kwa macho yangu haya mawili, kitambaa chake cha njano kilivyopeperuka, kiatu kimoja kilivyobingirika mpaka kwenye mtaro. Na kabla hajakata roho alisema maneno ambayo kila aliyewahi kukalia kiti changu anayajua: "Msinililie mimi. Mlilieni aliye hai na hana wa kumsukuma." Hapo mteja hulia. Nimewahi kumliza bibi harusi asubuhi ya harusi yake, mpaka yule aliyempaka poda akataka kunipiga.

Mengine alinisimulia baba. Mama alivyomficha majeruhi kwenye gunia la unga huku askari wanagonga mlango. Mama alivyomzaba kofi tajiri mmoja mbele ya wapambe wake. Nilipoonewa shuleni nilijiambia, wewe, mama yako hakuwa mtu wa kuonewa. Mume aliponikimbia akaniachia mtoto mgongoni, nilijiambia hayo hayo, nikafuta kamasi, nikafungua saluni. Nataka mnielewe hapa. Kuna waliorithi shamba, kuna waliorithi jina. Mimi nilirithi mama yule, basi.

Baba yangu watu wanamwita Mkalimani mpaka leo, ingawa kazi yenyewe ilishakufa. Zamani, kabla kila mtu hajatembea na sinema mfukoni, watu walikwenda kwenye chumba cha video: madirisha yamezibwa kwa vitambaa vyeusi, mabenchi, televisheni moja juu ya meza. Picha zilikuja kwa lugha za watu wa mbali. Baba alikaa pembeni ya televisheni na maiki yake, anapunguza sauti ya picha, anasema yeye. Wanaume, wanawake, vichanga, mbwa, wote waliongea kwa koo lake. Na siri ambayo haikuwa siri ni kwamba hakujua hata neno moja la lugha zile. Asubuhi aliiangalia picha peke yake, akaamua nani ni nani. Mzee yeyote mwenye ndevu alikuwa mjomba. Adui, lazima awe shemeji. "Jambazi haogopwi na mtu," aliwahi kuniambia. "Watu wanaogopa shemeji."

Sasa koo hilo limemsaliti. Madaktari walikata walichokata, na sauti iliyobaki ni ya kunong'ona. Analala chumba cha nyuma ya saluni, na anayekaa naye zaidi ni binti yangu wa miaka kumi na miwili. Baba ndiye aliyempa jina la Wakili, kwa sababu mtoto huyu haliachii neno lipite bila kulikamata mkono.

Wakili na simu yangu ni chanda na pete. Ana gemu lake humo: nyumba kubwa, mtu amekutwa amekufa, na wewe ndiye mpelelezi. Nilimgombeza mara ngapi sijui. "Mama, hujui linavyochezwa," aliniambia siku moja. "Huanzi na kuuliza kwa nini. Unaanza kuweka kila mtu chumbani kwake, saa ile ile. Ukikosea mahali pa mtu mmoja, kesi nzima inaharibika." Nikamwambia kilichoharibika ni hesabu zake za shule, na alete simu hapa.

Basi mwalimu wao wa Kiswahili akawapa kazi: kila mmoja aandike maisha ya bibi yake au babu yake. Wakili akaandika ya mama yangu. Nilimsimulia mwenyewe, jioni mbili, akajaza kurasa nne. Daftari likarudi. Chini, kwa wino mwekundu: "Umeandika vizuri sana. Lakini hizi ni picha za video. Andika habari za bibi yako."

Lo! Damu ilinichemka. Nilikuwa na mteja kichwa nusu, upande mmoja misuko, upande mmoja msitu. Nikamwambia, "Dada, nisubiri hapo hapo, nakuja." Akasema, "Nikusubiri hivi nilivyo?" Nilikuwa nimeshavuka barabara.

Mwalimu nilimkuta peke yake ofisini kwao, mtu wa makamo, upara na miwani, amezungukwa na madaftari. Hata salamu sikumpa.

"Wewe ndiye uliyemwita marehemu mama yangu video?"

"Karibu, dada."

"Sijaja kukaribishwa. Mama yangu aligongwa na lori akimwokoa mtoto wa mtu. Nilikuwepo! Leo wewe na kalamu yako nyekundu unakuja kunifanya mimi mwongo mbele ya mwanangu?"

Hakubisha. Aliniacha niseme. Nikaanza mwanzo, kama ninavyoanza saluni, kapu, lori, kitambaa cha njano, na nilipofika kwenye maneno ya mama nikaona midomo ya yule mwalimu inatikisika. Alikuwa anayasema pamoja na mimi, taratibu, neno kwa neno. Tukamaliza pamoja. Halafu yeye akaendelea peke yake, akalegeza sauti, akaitoa sauti ya baba yangu enzi zake: "Na wewe wa benchi la nyuma, acha kutafuna, hapa kuna msiba."

Nilivuta kiti nikakaa.

"Baba yako ni Mkalimani?" akaniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nimekulia mji ule aliofanyia kazi, mtaa wa pili kutoka chumba cha video," akasema. "Dada, Kiswahili hiki kinachonilisha sikukipata darasani. Nilikipata kwenye benchi la baba yako. Methali, misemo, namna ya kumtukana mtu bila kumtukana. Siku napata kazi ya ualimu nilitaka kumwandikia barua, sikujua yuko wapi." Akalifungua daftari la Wakili. "Hii ya kofi niliiona kama mara sita. Ya gunia la unga mara tatu, mwisho wake wale askari wanatoboa gunia la jirani. Ya lori niliiona mara moja tu. Haikurudiwa tena."

"Kwa nini?"

Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Ilionyeshwa mchana mmoja. Jioni ile tukasikia Mkalimani kafiwa na mkewe. Chumba kikafungwa. Kilipokuja kufunguliwa alikaa mtu mwingine kwenye maiki, nyie mmeshahama. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Nisamehe, dada. Nilijua mtoto ametunga tu. Sikufikiria kwamba wewe hujui."

Nilirudi nikamsuka yule mteja bila kufungua mdomo. Nilipomaliza akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo.

Nikafunga saluni mapema, jua bado lipo, nikaingia chumba cha nyuma. Baba alikuwa amekaa kitandani, mito miwili mgongoni, Wakili anamsomea gazeti la siku nyingi. Nikamwambia mtoto atoke. Akatoka, lakini nilijua hajafika mbali.

"Baba, mama alikufaje?"

Akaniangalia. "Si unajua," akanong'ona.

"Ninayoijua ni picha. Nimekutana na mwalimu wa Wakili, alikaa benchi lako utotoni. Kofi ni picha, gunia ni picha, lori ni picha, tena iliyoonyeshwa mara moja tu, mchana wa siku aliyokufa mama. Amenitajia maneno yote."

"Yote?" akauliza, na wallahi nilimwona uso umemng'aa kidogo. "Hata ya mwisho?"

Nilitaka kumtikisa. Mzee wa watu, mifupa mitupu, na mimi nataka kumtikisa. "Uwongo!" nikapiga kelele. "Miaka thelathini na sita umenilisha uwongo!"

"Nimekulisha," akasema. "Kingine ulikuwa huli."

"Niambie alikufaje."

Alichukua muda. Kunong'ona kwake kunamchosha, kila maneno matatu anameza mate. Akaniambia mama alikuwa na mimba ya miezi saba. Mchana ule alianza kutokwa damu, nyumbani, na damu haikukata. Hospitali haikuwa mbali. Angebebwa mapema, walisema, angepona yeye, labda na mtoto pia. Alibebwa jioni.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Hukuitwa?"

Akatazama mikono yake. "Niliitwa. Sikwenda."

Jamani, mimi nina hasira za karibu, kila mtu anajua, lakini sikuwahi kumtamkia baba yangu neno baya. Siku ile nilimtamkia. Nilimwambia amemuua mama yangu kwa ajili ya picha. Nilimwambia ni bora Mungu angemchukua yeye akamwacha mwenzake. Alisikiliza yote kama mtu anayesikiliza mvua. Hakujitetea hata kidogo, na kule kutojitetea kukanizidisha ukali, mpaka mlango ukafunguliwa, akaingia Wakili na daftari lake.

"Mama, mbona unamfokea babu? Hata watu hujawaweka vyumbani kwao."

"Toka nje!"

Hakutoka. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akafungua ukurasa mpya, akaanza kuchora mstatili. Sikuwa na nguvu ya kumfukuza. Nikaegemea ukuta nikilia, naye akaendelea na kazi yake.

"Babu, nyumba yenu ilikuwa na vyumba vingapi?"

"Viwili."

"Bibi alikuwa kipi?"

Baba akaweka kidole kwenye karatasi. Wakili akaandika *Bibi*.

"Jirani?"

"Alikwenda sokoni. Aliporudi ndiye aliyemkuta."

Akaandika *Jirani*, mbali kabisa, nje ya mstatili. "Na wewe uko chumba cha video. Kutoka hapa hadi hapa ni mbali?"

"Mitaa mitatu."

"Sasa, nani alikuja kukuita?"

Baba akakohoa. "Mtu."

"Mtu gani? Jirani yuko sokoni."

"Mtu tu, mjukuu wangu. Acha."

"Na mama alikuwa wapi?"

"Amelala." Akanyoosha kidole haraka kwenye chumba cha pili. "Hapo. Mtoto amelala."

Wakili akaandika *Mama*. Akaliangalia neno lile, kisha akalikata kwa mstari. "Haiwezekani," akasema. "Mwalimu amesema picha ya lori ilionyeshwa mara moja tu, mchana ule ule, au siyo, mama? Nimesikia ukisema. Na mama aliona kitambaa, aliona na kiatu. Labda wewe ulimsimulia. Ulimsimulia, babu?"

Nilifuta uso. "Alinisimulia," nikasema. "Si kila siku alikuwa ananisimulia?"

Baba akatikisa kichwa.

"Ya kofi nilikusimulia," akanong'ona. "Ya gunia nilikusimulia. Ya lori, sikukusimulia hata siku moja. Uliisema mwenyewe. Siku ya pili ya msiba, umekaa katikati ya wanawake, ukawaambia mama yako kagongwa na lori. Kitambaa, kiatu, ukawaambia vyote. Wakaniangalia mimi. Sikukukatalia." Akameza mate. "Baadaye nikaona mama wa hadithi moja hatoshi. Nikakuongezea."

Kalamu ya Wakili ilisimama juu ya karatasi. Ana akili nyingi mtoto huyu, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuuliza lililofuata. Alinitazama tu, macho yamemtoka. Kwa hiyo nililisema mimi.

"Nilitumwa mimi."

Baba akaifunika karatasi kwa kiganja.

"Mama alinituma nije kukuita. Nikakuta picha tamu. Nikakaa nikaangalia, nikasahau nilichotumwa." Nilisikia sauti yangu inakuwa nyembamba kama ya mtoto. "Mimi ndiye niliyemuua."

"Hapana!" Alijaribu kusema kwa nguvu na koo likatoa mkwaruzo tu. Akanishika mkono, akanivuta mpaka nikapiga magoti kando ya kitanda, mdomo wake karibu na sikio langu. "Hapana. Hukusahau. Uliingia umekimbia. Ulikuja mpaka mbele, ukasimama mbele ya televisheni, ukafungua mdomo. Mimi nimekaza macho kwenye picha, pale kwenye lori, kila mtu kashika roho. Nikaona kivuli cha mtoto. Sikuangalia ni mtoto wa nani. Nikasema kwenye maiki, wewe mtoto, kaa chini, unaziba watu. Wakacheka. Ukakaa."

Barabarani gari lilipita likipiga honi.

"Nilikukuta taa zilipowashwa," akasema. "Benchi la mbele. Unamlilia yule mwanamke wa kwenye picha. Nikafurahi, nasema mwanangu ana moyo. Nikakubeba mabegani. Njia nzima tunaizungumza picha, wewe unauliza kiatu kimekwenda wapi, mimi nakujibu. Mpaka mlangoni."

Basi nililia kilio ambacho sikuwahi kukilia kwa ajili ya yule mama wa lori. Yule nilimlilia kwa fahari. Huyu nilimlilia kwa sababu alikuwa peke yake ndani ya chumba, anasubiri, anahesabu hatua za mtoto kwenda na hatua za mumewe kurudi, na mitaa mitatu tu kutoka pale sisi wawili tulikuwa tunamlilia mwanamke mwingine. Nilimwonea uchungu baba pia. Alikubali nimchukie, alikubali niseme yale niliyosema, ilimradi nisijue mimi ndiye niliyesimama mbele ya ile televisheni. Nilimwomba msamaha. Akasema hakuna cha kusamehe, nyamaza, mama, nyamaza.

Wakili naye alikuwa analia, kimya kimya, daftari amelilaza mapajani.

Nilipotulia baba alikuwa bado ameushika mkono wangu. Aliuminya. "Kuna kitu nimetaka kukuuliza tangu siku ile," akasema. "Nilishindwa. Nikikuuliza, utajua kwamba ulitumwa."

"Niulize sasa."

Alifumba macho, akayafumbua. Alikuwa ananiangalia mdomoni.

"Alikwambia uniambie nini?"

Nikatafuta. Mnajua mimi nilitafuta kwa bidii gani? Nilitafuta kile chumba, kitanda, mkono wake, shuka. Nilitafuta uso wake tu, angalau uso. Nilirudi kwenye ile barabara ya mitaa mitatu nikakimbia tena na miguu ya miaka mitano, nikijua nimebeba maneno yake, maneno ya mwisho ya mama yangu hapa duniani, aliyompa mtu mmoja tu. Kila nilipogeuka nilikutana na lori, na kitambaa cha njano, na juu ya vyote sauti ya baba, nzuri, nzito, inajaza chumba kizima.

Ningeweza kumtungia. Mimi ni mtoto wa Mkalimani. Maneno ya mke anayekufa ningempa pale pale, matamu, yenye methali ndani, na angekufa nayo. Yalishanifika mpaka kwenye ulimi. Alikuwa ananisubiri kama watu wa kwenye mabenchi walivyokuwa wakimsubiri yeye, na Wakili ameshaishika kalamu.

"Sikumbuki, baba," nikamwambia.

"Jaribu," akasema.

"Nimejaribu. Sikumbuki."

Akaitikia kwa kichwa, mara mbili tatu. Kisha akaniomba nimtoe mto mmoja mgongoni alale, nikamtoa, akageukia ukutani.